Pazia Nyuma ya Macho

Mwezi Mei 1934, wanachama wa Chama cha Fiziolojia cha Uingereza walikusanyika Cambridge wakaonyeshwa viumbe wawili waliounganishwa na nyaya. Wa kwanza alikuwa mende wa majini. Wa pili alikuwa Edgar Adrian, mwanasayansi aliyekuwa ametwaa Tuzo ya Nobel miaka miwili nyuma. Mende alipokaa gizani, neva za macho yake zilitoa mdundo wa umeme uliopanda na kushuka kwa mpangilio. Alipomulikwa, mdundo ukakatika. Adrian naye alipofumba macho, chombo kilichora mawimbi yapatayo 10 kwa kila sekunde. Alipoyafumbua na kutazama mbele yake, mawimbi yakatoweka.

Mdudu na msomi, mbali kabisa katika ukoo wa viumbe, walikuwa wametoa jawabu moja. Panapokosekana cha kutazama, mdundo unakuja, kikipatikana, unaondoka. Waliohudhuria walitoka na tafsiri iliyoonekana haina ubishi, kwamba huo ni umeme wa ubongo uliokaa bila kazi. Tafsiri hiyo ilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Historia ninayoisimulia hapa ni ya namna ilivyopinduliwa, taratibu, na watu ambao wengi wao hawakuwa wamekusudia kuipindua.

Waswahili tunasema macho hayana pazia. Kilicho mbele yake huyaingia, kitakiwe kisitakiwe. Hata hivyo abiria wa basi la mikoani anaweza kusoma kitabu chake kutoka Morogoro hadi Iringa huku filamu ikipigwa kwenye runinga iliyo juu ya dereva, mwanga wake ukimfikia usoni muda wote. Jicho lake linaipokea filamu ile, lakini yeye haioni. Basi pazia lipo, ila limetundikwa nyuma zaidi, ndani ya ubongo, na mdundo ule wa mende na Adrian ndio uliokuja kushukiwa kuwa ndilo.

Watu wa kwanza kugundua kwamba ubongo una umeme wake hawakuwa wakiutafuta mdundo. Mwaka 1875 daktari wa Liverpool, Richard Caton, aliweka nyaya kwenye ubongo ulio wazi wa sungura na nyani, akaona sindano ya galvanomita, chombo cha kupimia umeme, ikicheza. Miaka 15 baadaye, huko Kraków, kijana wa Kipolandi aitwaye Adolf Beck alirudia kazi hiyo bila kujua kwamba Caton ameshaifanya. Beck aliona jambo la ziada. Umeme wa ubongo wa mnyama aliyetulia ulikuwa ukipanda na kushuka wenyewe, bila kuchokozwa na kitu, na mnyama akimulikwa au akisikia kishindo, kule kupanda na kushuka kulikoma. Huo ndio ushahidi wa kwanza ulioandikwa wa jambo ambalo Cambridge ilikuja kulishangilia. Dunia ya sayansi ilimpita Beck haraka kuliko alivyostahili.

Aliyeuleta mdundo huu kwa binadamu alikuwa na sababu ya ajabu ya kuutafuta. Hans Berger alizaliwa mwaka 1873 karibu na Coburg, Ujerumani, mjukuu wa mshairi Friedrich Rückert kwa upande wa mama. Akiwa kijana alijiunga na jeshi la farasi kwa mwaka mmoja. Siku moja mazoezini farasi wake aliruka, akamwangusha mbele ya gurudumu la mzinga uliokuwa ukikokotwa. Gurudumu lilisimama likiwa karibu kumponda. Jioni ile alipokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake akimuuliza hali yake. Dada yake, aliyekuwa nyumbani mbali na pale, alikuwa ameshikwa na hofu ya ghafla kwamba ndugu yake amepatwa na jambo, akasisitiza baba aulize.

Berger hakuisahau simu ile maisha yake yote. Aliamini kwamba wakati wa hatari mawazo yake yalisafiri hadi kwa dada yake, na kwamba kama mawazo yanasafiri basi lazima yawe na nguvu inayoweza kupimwa, kama vile joto na umeme vinavyopimwa. Akasoma udaktari, akaingia katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Jena, na kwa zaidi ya miaka 20 akaifukuza nguvu hiyo bila kuipata. Alipima mtiririko wa damu katika ubongo. Alipima joto la ubongo na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1910. Mchana alikuwa daktari mkali wa ratiba, na tangu 1919 mkuu wa kliniki. Saa za kazi zikiisha alijifungia na vipimo vyake, na wenzake wengi hawakujua anachotafuta.

Tarehe 6 Julai 1924, daktari mpasuaji Nikolai Guleke alikuwa akimfanyia upasuaji wa kichwa kijana wa miaka 17. Kupitia pengo la fuvu, Berger aliweka elektrodi zake na kuona mtetemo hafifu wa umeme. Kwa mtafiti mwingine hiyo ingekuwa habari ya kutangaza wiki ileile. Berger alisubiri miaka mitano. Aliogopa kwamba anachokiona ni mapigo ya mshipa wa damu, au mwili unaotikisika, au umeme wa ngozi. Akapima tena na tena, wagonjwa na wazima, akajipima mwenyewe, akampima sana mwanawe Klaus. Alipochapisha makala yake ya kwanza mwaka 1929, akikiita kipimo hicho elektroensefalogramu, alikuwa ameshajibu pingamizi nyingi kabla hazijatolewa. Makala 13 nyingine zenye kichwa kilekile zilifuata hadi 1938. Mawimbi makubwa yenye mwendo wa kama 10 kwa sekunde aliyapa herufi ya kwanza ya Kigiriki, alfa, na yale madogo ya haraka akayapa ya pili, beta.

Alfa ndiyo iliyomvutia zaidi, kwa sababu ilikuwa na tabia. Mtu akifumba macho akatulia, ilijitokeza. Akifumbua macho, ikapungua. Akipewa hesabu ya kichwa hali macho yamefumbwa, ikapungua pia. Badiliko la mawazo lilionekana kwenye karatasi bila mtu kusema neno. Mawasiliano ya mawazo aliyoyatafuta Berger hayakupatikana, wala hayangepatikana, maana umeme huu ni wa makumi machache tu ya sehemu za milioni ya volti na unahitaji kukuzwa sana hata usomeke kwenye ngozi ya kichwa chenyewe.

Kuna sehemu ya maisha ya Berger ambayo kwa miaka mingi ilisimuliwa kwa kupindishwa. Vitabu vilimtaja kama mhanga wa utawala wa Wanazi, msomi aliyelazimishwa kustaafu na kuvunjwa moyo. Nyaraka zilizochunguzwa baadaye zinasema vingine. Alikaa kwenye mahakama ya afya ya kizazi ya Jena, mojawapo ya zile zilizoamua ni wagonjwa gani wahasiwe kwa nguvu. Alistaafu 1938 na kujiua tarehe 1 Juni 1941, akiwa na ugonjwa na huzuni nzito. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, katika mji wa Lwów, Adolf Beck, Myahudi aliyekuwa na umri wa karibu miaka 80, alimeza sumu Wanazi walipokuja kumchukua. Wote wawili waliuona mdundo mmoja. Anayewataja wote wawili katika sura moja ya sayansi hana haki ya kunyamazia tofauti hiyo.

Turudi Cambridge. Adrian na mwenzake Bryan Matthews waliposoma kazi ya Berger hawakuiamini. Mawimbi makubwa na laini kiasi kile, kutoka kwenye ubongo wenye mabilioni ya seli, yaliwatia shaka. Walijaribu wenyewe wakakuta Berger alikuwa sahihi, wakauita mdundo huo kwa jina lake, na kuuongezea mambo mawili ya maana. La kwanza, walionyesha kwamba chanzo chake kikuu ni kisogoni, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona. La pili ni la ndani zaidi. Mtu akifumbua macho katika chumba chenye giza totoro, mawimbi yanaweza kuendelea. Lakini akijitahidi kuona, akikaza macho kutafuta umbo gizani, yanakatika. Mwanga peke yake hauelezi jambo hili. Kinachoufukuza mdundo ni jitihada ya kutazama.

Walikuwa wameukaribia ukweli kabisa, kisha wakaondoka nao wakiwa wameuelekeza kwingine. Maelezo yao yalikuwa kwamba seli za kisogoni zikikosa kazi huanza kupiga kwa pamoja, na kazi ikija kila moja hushika njia yake na mdundo kutawanyika. Mwaka 1944 Adrian mwenyewe aliandika katika jarida la Nature jambo ambalo lingetosha kutikisa maelezo hayo: mtu aliyefumbua macho, akaelekeza fikra zake zote kwenye kusikiliza, mdundo hurudi kisogoni. Macho yako wazi, mwanga unaingia, na mtu hajapumzika hata kidogo, maana anasikiliza kwa bidii. Kama mdundo ni alama ya uvivu, ni uvivu gani huu unaochagua kumjia mtu aliye kazini? Swali hilo lilikaa bila mtu wa kulishika kwa miaka mingi.

Sababu za kuachwa kwake zinaeleweka. Hospitali ndizo zilizoipokea mashine ya Berger. Tangu 1935 madaktari wa Boston walionyesha kwamba kifafa kina michoro yake. Mwaka uliofuata Grey Walter huko Uingereza alionyesha kwamba mawimbi mazito ya polepole huweza kufichua uvimbe wa ubongo. Hizo zilikuwa habari za kuokoa maisha. Alfa ikawa alama ya afya tu: mgonjwa anaambiwa afumbe macho, mawimbi yanatokea, daktari anaridhika na kuendelea na mengine.

Sababu ya pili ilitoka kwa watafiti wa maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 George Dawson wa London alibuni njia ya kumwonyesha mtu kitu kilekile mara nyingi, kisha kukusanya majibu yote ya ubongo na kutafuta wastani wake, hadi jibu dogo lililojificha lichomoze. Njia hiyo ilizaa matunda mengi. Lakini mdundo wa alfa, kwa kuwa haukuanza mahali palepale kila mara, ulifutika ndani ya wastani. Wimbi kubwa kuliko yote ya mtu aliye macho likahesabiwa kuwa takataka ya kuondolewa ili habari ipatikane. Hapa ndipo ninapoona funzo kubwa la historia hii. Hakuna aliyelificha swali la Adrian. Chombo bora cha zama zile kilikuwa kimetengenezwa kwa namna ambayo jibu lake lilifutwa kila siku, na wafutaji walikuwa watu makini waliofanya kazi yao vizuri.

Wakati huohuo, upande mwingine, watu wa saikolojia walikuwa wakihangaika na umakini bila kugusa nyaya. Katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz alikuwa ametazama ndani ya sanduku la giza lenye herufi, macho yake yakiwa yamekazwa kwenye nukta moja, huku cheche ya umeme ikimulika kwa kitambo kifupi kiasi kwamba jicho haliwezi kusogea. Aliamua mapema ni pembe ipi ya sanduku ataizingatia, na ni herufi za pembe hiyo tu alizoweza kuzisoma. Jicho halikusogea, ndani ndiko kulikochagua. Mwaka 1890 William James wa Marekani aliandika kwamba kuzingatia jambo moja ni kujiondoa kwenye mengine. Mwaka 1958 Donald Broadbent wa Uingereza akapendekeza kwamba akilini mna kichujio. Kichujio hicho kinafanywa na nini, nyama gani, umeme gani, hakuna aliyejua.

Nyuzi hizo mbili zilianza kusogeleana mwaka 1985, William Ray na Harry Cole walipochapisha katika jarida la Science kwamba alfa huwa kubwa zaidi katika kazi zinazomtaka mtu ashughulike na yaliyo ndani ya kichwa chake kuliko zile zinazomtaka apokee ya nje. Bado tafsiri ya zamani ilikuwa na nguvu. Mwaka 1996 kikundi cha Gert Pfurtscheller cha Graz, Austria, kiliandika makala iliyoutetea mdundo huu kama alama ya gamba la ubongo lililo mapumzikoni. Lakini kufikia wakati huo kompyuta zilikuwa zimeshakuwa na uwezo wa kupima nguvu ya mdundo katika kila sehemu ndogo ya sekunde bila kuifuta katika wastani.

Mwaka 1998 John Foxe na wenzake wawili, Gregory Simpson na Seppo Ahlfors, walifanya jaribio ambalo kwa wepesi wake naliona zuri kuliko mengi yaliyofuata. Mtu aliketi mbele ya skrini. Neno lilitokea likimwambia ajiandae: kitakachokuja kitakuwa na picha na sauti pamoja, nawe shughulika na picha, au shughulika na sauti. Kisha kimya kidogo, kisha kikaja. Watafiti hawakujali sana kilichokuja. Walipima kile kimya. Katika kimya hicho hapakuwa na kitu kipya cha kutazama wala cha kusikia, mwanga ulikuwa uleule, macho yalikuwa wazi vilevile. Mtu aliyejiandaa kwa sauti alikuwa na alfa kubwa zaidi kisogoni kuliko aliyejiandaa kwa picha. Ubongo ulikuwa ukijiweka tayari kutoipokea picha ambayo bado haijafika.

Miaka miwili baadaye Michael Worden, Foxe na wenzao wakaenda hatua mbele, ndani ya kuona kwenyewe. Habari za upande wa kushoto wa tunachokitazama hupelekwa nusu ya kulia ya ubongo, na za kulia hupelekwa kushoto. Waliwaambia watu wazingatie upande mmoja bila kusogeza macho, kama alivyofanya Helmholtz. Kabla kitu hakijatokea, alfa ilipanda kwenye nusu ya ubongo inayoshughulikia upande wa kupuuzwa. Ukiambiwa uzingatie kulia, mdundo ulikua kwenye kisogo cha kulia, panapokuja habari za kushoto. Pazia lilikuwa limepata mahali pake, na lilionekana kuvutwa upande uleule ambao mtu hautaki.

Halafu likaja pigo kwa wazo la uvivu kutoka pembe isiyotarajiwa, kumbukumbu. Mwaka 2002 Ole Jensen na wenzake waliwapa watu herufi mbili, nne au sita wazishike kichwani kwa muda mfupi. Kwa mantiki ya Cambridge, mzigo ukizidi mdundo ungepungua. Ulizidi. Kadiri watu walivyoshika herufi nyingi, ndivyo alfa ilivyokua. Uvivu hauongezeki kwa kuongezewa kazi.

Mwaka 2007 Wolfgang Klimesch wa Salzburg na wenzake walilikusanya wazo jipya: alfa ni kazi ya kuzuia. Mwaka 2010 Jensen na Ali Mazaheri walilipa umbo lililosambaa zaidi, kwamba ubongo huelekeza habari zake kwa kuzizima njia zisizotakiwa, ili habari zipite kwenye njia iliyobaki wazi. Namna inavyofanyika ilianza kueleweka pia. Mdundo huja kwa mapigo. Kila baada ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde seli hunyamazishwa kwa kitambo, kisha huachiwa kidogo, kisha hunyamazishwa tena. Mdundo ukiwa mdogo, seli zina nafasi pana ya kuzungumza. Ukiwa mkubwa, nafasi hubana. Saskia Haegens na wenzake waliliona hili mwaka 2011 ndani ya ubongo wa nyani waliokuwa wakipambanua mitetemo kwenye kidole: alfa ilipokuwa kubwa, seli zilifyatuka kwa uchache, na kufyatuka kwake kulifuata wakati maalumu wa wimbi. Huko Toulouse, Niko Busch, Julien Dubois na Rufin VanRullen walikuwa wameshaonyesha mwaka 2009 kwamba mtu akimulikwa mwanga hafifu mno, kuuona au kutouona kunategemea kwa kiasi fulani wimbi lake la ubongo lilikuwa limefika wapi wakati huo. Mwanga uleule, jicho lilelile, na tofauti ya sehemu ndogo tu ya sekunde.

Lakini vitu viwili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja ndicho kinachomsukuma mwenzake. Vincenzo Romei, Joachim Gross na Gregor Thut, mwaka 2010, waliushika mdundo kwa mkono. Kwa chombo kinachopiga mapigo ya sumaku juu ya fuvu, walipiga upande mmoja wa kisogo kwa mwendo wa 10 kwa sekunde, na wakati mwingine kwa mwendo wa polepole au wa haraka zaidi kwa kulinganisha. Kwa mwendo wa alfa, watu waliona vibaya zaidi vitu vya upande ulio mkabala na mahali palipopigwa, na vizuri zaidi vya upande mwingine. Mienendo mingine haikuleta hivyo.

Mathilde Bonnefond na Jensen, huko Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2012 walirudi kwenye kumbukumbu na kuuliza swali la abiria wetu wa basi. Watu walishika herufi kichwani, wakijua kwamba kabla ya kuulizwa kitapita kitu cha kuwavuruga. Mara nyingine kilikuwa alama isiyo na maana, rahisi kuipuuza. Mara nyingine kilikuwa herufi nyingine, inayofanana na zilizoshikwa na kwa hiyo ya hatari. Sekunde ya kivurugaji ilipokaribia, alfa ilipanda zaidi kama kinachotarajiwa ni herufi. Si nguvu tu. Hata hatua ya wimbi ilijipanga ili pigo la kuzuia liangukie wakati ule kivurugaji kinapofika. Ubongo uliokuwa ukijua saa ya adui ulijiandaa kwa saa hiyo.

Kama historia ingeishia hapo ingekuwa hadithi tamu, na kuna vitabu na mihadhara iliyoishia hapo. Mimi siwezi, kwa sababu miaka iliyofuata ilileta mambo mazito.

Mwaka 2012 huohuo, kikundi cha Alabama kiliwapima wazee na vijana kwa kazi ya kupuuza picha zisizotakiwa. Vijana waliongeza alfa. Wazee hawakuongeza, na bado walipuuza vizuri kama vijana. Mwaka 2016 MaryAnn Noonan na wenzake wa Oxford waliwaambia watu mapema mahali ambapo kivurugaji kitatokea. Watu walifaidika na taarifa hiyo, lakini alfa haikupanda mahali palipotarajiwa. Mwaka 2019 Joshua Foster na Edward Awh walipitia ushahidi wa miaka 20 wakaonyesha udhaifu uliokuwa umejificha machoni pa wote. Majaribio mengi yalipima tofauti kati ya nusu mbili za ubongo. Tofauti hiyo inaweza kutokea kwa alfa kupanda upande wa kupuuzwa. Inaweza pia kutokea kwa alfa kushuka upande wa kuzingatiwa, huku ule mwingine ukikaa ulivyokuwa. Hesabu ni ileile, maana yake ni mbili kabisa. Katika majaribio mengi, walisema, kushuka ndiko kunakoonekana wazi.

Mwaka 2020 kikundi cha Aberdeen kiliongeza kwamba mabadiliko ya alfa huja yakiwa yamechelewa, baada ya ubongo kuwa umeshaanza kuchagua. Mwaka huohuo, maabara ya Jensen mwenyewe, wakati huo ikiwa Birmingham, ilitoa makala iliyoandikwa na Alexander Zhigalov pamoja naye. Walizimulika picha kwa mwanga unaopepesa ili waweze kufuata kila picha inavyopokelewa na ubongo. Alfa haikupunguza mapokezi ya picha katika kituo cha kwanza cha kuona. Dalili za kuzuia zilionekana mbele zaidi, kwenye maeneo yaliyo kati ya kisogo na utosi. Mtu aliyejenga jina lake kwa wazo hili alilipima kwa ukali na kuchapisha kwamba umbo lake jepesi halikusimama. Katika historia nzima hii, hilo ndilo tendo la kisayansi ninaloliheshimu zaidi, sambamba na ile miaka mitano ya Berger ya kujishuku.

Hukumu yangu baada ya kuufuata mdundo huu kutoka Kraków hadi Birmingham ni hii. Wazo la ubongo usio na kazi limekufa, na majaribio ya 1998 na 2002 ndiyo yaliyolizika. Mdundo wa alfa unahusika katika kuamua kipi kipite na kipi kisipite, na panapokuwa na kitu cha kushika kichwani huku macho yakichokozwa, ushahidi wa kuzuia ni mzuri. Ila hauko peke yake. Ubongo una njia nyingine za kupuuza, ikiwamo kujifunza kwa mazoea kwamba mahali fulani huja upuuzi kila mara, na wazee wa Alabama wanatukumbusha kwamba njia hizo zinaweza kutosha.

Nasema hivi kwa sababu mdundo huu umeshafika sokoni. Tangu miaka ya 1960, Joe Kamiya alipoonyesha kwamba mtu anaweza kufundishwa kuitambua na kuiongeza alfa yake, wamekuwapo wanaouza utulivu na umakini kwa jina lake. Jaribio zuri kwa upande huo lilifanyika katika chuo cha MIT, likachapishwa mwaka 2020. Watu walifundishwa, kwa kutazama mchoro uliobadilika kufuatana na ubongo wao, kuipunguza alfa ya upande mmoja ikilinganishwa na wa pili, na umakini wao ukaegemea upande ulio mkabala. Ni jambo la kweli na la kusisimua, lakini lilifanyika ndani ya maabara, kwa mashine kubwa inayosoma sumaku ya ubongo, na lilimwelekeza mtu kushoto au kulia. Halikumfanya mwanafunzi afaulu mtihani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa mkanda wa kichwani unaoahidi kumpa mwanao umakini kwa kuongeza mawimbi ya alfa, muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kutoa pesa: ayaongeze upande gani wa ubongo, na wakati gani. Asipokuwa na jibu, rudisha pesa mfukoni, na usiku mtoto anaposoma umzimie runinga.